Nimekaa na rejista ya shule yetu ya kata wiki tatu, na nilichokiona si uvivu wa watoto wa pwani

#1 Mleta uzi

Wadau habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni aurudie usiku akitulia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Tanga, kata mojawapo ya pembezoni huku njia ya Pangani, bahari tunaiona. Kazi yangu cherehani, nashona sare za shule, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye bodi ya sekondari yetu ya kata. Jina la shule sitaji, watoto wetu wapo mule na walimu wake nasalimiana nao kila siku.

Hii shule naijua toka ni pori la mikorosho. Mwaka 2007, ile enzi kila kata inaambiwa iwe na sekondari yake, Lowassa ndo Waziri Mkuu, mtendaji alikuwa anapita na daftari nyumba kwa nyumba, asiye na hela atoe nguvu. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza na nikasomba mchanga kwa karai kichwani mpaka mama mkwe akaja kuninyang'anya karai. Madarasa mawili ya kwanza kuta zake tumezipandisha sisi. Kwahiyo mtu akiiita yebo yebo, yaani shule ya hovyo, roho inaniuma, na sibishani nae kuhusu matokeo, matokeo ni mabaya kweli, kinachoniuma ni ile namna anavyosema kama vile watoto wenyewe ndo wameamua.

Kila mwaka matokeo ya fomu foo yakishatoka kikao cha wazazi kinaitwa na meza kuu inasema yale yale. Wazazi hamfuatilii, watoto wa pwani hawapendi shule, wanapenda vigodoro na simu. Tunainamisha vichwa, kikao kinafungwa, tunakung'uta kanga tunarudi nyumbani. Mwaka huu mimi nikasema hapana, ngoja kwanza, maana cherehani yangu ilikuwa inanionyesha kitu kingine kabisa. Januari nashona sketi na suruali za fomu wani mpaka nagawa kazi kwa wenzangu, mzigo haushikiki. Sasa wale wale wakifika fomu tatu mtoto amerefuka, sketi imepanda juu ya goti, inatakiwa nyingine, mbona hawaji? Nashona chache mno. Na hawajahama, nawaona hapo hapo mtaani.

Nikamwomba mwalimu wa taaluma anipe rejista nizitazame. Kijana wa bara, mstaarabu sana, hakunikatalia, akanitengea kona ya meza ofisini kwake na mimi kila siku baada ya adhuhuri nakwenda nakaa, rejista za fomu wani na fomu tuu za mwaka mzima. Aliyekuja kawekewa mkwaju wa kalamu ya bluu, asiyekuja duara jekundu.

Cha kwanza nilichokigundua, wekundu haujatawanyika, unakuja kwa mafungu. Siku kumi na kitu ukurasa safi, halafu upande wa wavulana wekundu unaanza kidogo kidogo, unazidi, wiki nzima na ushee majina yamejaa maduara, halafu unakata ghafla. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Nikafikiria labda ni hela za mwisho wa mwezi, haikukaa. Mitihani, haikukaa. Mimi baba yangu alikuwa mvuvi. Nikaenda nyumbani nikatungua ukutani ile kalenda yenye tarehe za kiislamu pembeni ya za kizungu, nikairudisha ofisini nikaiweka juu ya rejista, mwili ulinisisimka. Wekundu wa wavulana unaanza tarehe ishirini na nne, ishirini na tano za mwezi wa kiislamu, unakata mwezi mchanga ukishafikisha siku tano sita.

Giza. Ni siku za giza, wadau.

Kwa wa bara niseme hivi, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifanyi kazi, dagaa hawakusanyiki, vyombo vinalala ufukweni. Giza likiingia vyombo vyote vinatoka, vinarudi alfajiri, na pale chini inatakiwa mikono. Kushusha ndoo, kuwachemsha kwenye maji ya chumvi, kuwaanika, kuwageuza. Mtoto wa miaka 14 anaanza saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi ana hela ya unga mkononi, nguo zinanuka dagaa na macho yamejaa usingizi, na kengele ya shule imeshalia toka saa moja na nusu.

Wasichana wekundu wao ni mwingine. Unakuja mara mbili kwa mwezi, siku tatu nne tu, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Hapo nadhani wanawake wa pwani mmeshanielewa, ni bamvua, zile siku maji yanajaa na kukauka kupita kawaida. Maji yetu huku bamvua likiwa kubwa yanakauka saa nne saa tano asubuhi, ndo muda wa mama kwenda mwambani kuchokoa pweza, na binti ama anakwenda nae ama anabaki na wadogo zake. Siku za hedhi nazo zinawaweka nyumbani, choo cha shule hakina maji, ila zile hazikusanyiki, kila mmoja na siku zake.

Sasa mtoto huyu utamwambia hapendi shule? Naomba maoni yenu, nitaendelea chini, hapa nafungua duka kwanza.

#2 Mzaliwa wa Ngamiani

Dada nimesoma yote na nakuheshimu kwa kazi uliyofanya, ila niruhusu nikupinge kidogo. Kazi watoto wamefanya toka zamani. Mimi nimezaliwa Ngamiani barabara za huku juu, nikitoka shule nauza mihogo ya mama mpaka magharibi na nimesoma, nipo Dar na kazi yangu. Tanga ndo ilitangulia nchi hii, shule ya serikali ya kwanza Mjerumani kaiweka Tanga mwaka 1892. Leo sisi ndo wa kuelezea kwanini watoto hawaji darasani? Kuna mahali wazazi tumelegea, tusijifichie kwenye mwezi.

#3 Mleta uzi

Kaka asante, na sikatai wapo wazazi wazembe, nawajua kwa majina. Ila angalia ulichosema mwenyewe, ulikuwa unauza mihogo UKITOKA shule. Mhogo unamsubiri mtoto mpaka saa nane. Dagaa hamsubiri mtu, jua likipanda hajachemshwa ameharibika, na maji yakishajaa mwamba umefunikwa mpaka kesho. Hiyo ndo tofauti yetu huku na mjini. Shule na bahari zinamtaka mtoto saa ile ile.

#4 Ticha wa hesabu, Mkinga

Mama umenifumbua macho. Mimi nafundisha hesabu shule ya kata huku Mkinga, nimetokea Kagera, huu mwaka wa sita. Nimekuwa nikiandika kwenye ripoti "mahudhurio hafifu, sababu utoro" na sikuwahi kutazama juu angani hata siku moja. Nimeenda kuangalia rejista yangu baada ya kusoma uzi wako. Ni hivyo hivyo.

Niongeze la kwangu. Hesabu fomu wani mpaka fomu foo nipo peke yangu. Walimu wa sanaa tunao wa kutosha, wa hesabu na fizikia akija mmoja anakaa mwaka anahama, ule msemo wa waja leo waondoka leo kwa walimu wa sayansi umekuwa kweli tupu. Nyumba ya mwalimu hakuna, napanga chumba, maji nanunua kwa dumu. Silalamiki, naeleza tu.

Halafu lugha. Hili wazazi wengi hamlioni kwa sababu halionekani kwenye rejista, mtoto yupo darasani ila hayupo. Juzi nilichora duara ubaoni fomu wani, nikaandika circumference, nikauliza nani anajua kuitafuta. Kimya. Watoto karibu sabini wananitazama. Nikafuta, nikaandika MZINGO. Mikono ikapanda mpaka wa madirishani! Kijana mmoja wa nyuma ambaye toka Januari sijasikia sauti yake akaja mbele akapiga hesabu yote, kipenyo mara ishirini na mbili ya saba, akaweka na sentimita. Alikuwa anaijua toka shule ya msingi. Miezi mitano nilikuwa nadhani hajui kitu. Nilirudi ofisini nikakaa kimya muda mrefu.

Miaka saba anafundishwa kwa Kiswahili, halafu Januari moja karibu kila kitu kinageuka kiingereza. Kuna ile kozi ya orientesheni ya wiki za mwanzo, ndo daraja lenyewe hilo. Sasa mama kwa hesabu zako, mtoto wa dagaa kwenye hizo wiki za mwanzo lazima kuna giza limepita hapo. Kwahiyo daraja lenyewe kalikosa.

#5 Fundi baiskeli

Naombeni na mimi niseme, siandikagi humu ni msomaji tu. Mimi ni wale wa mwaka 2012, matokeo yaliyotoka 2013 nchi nzima ikalia, watu zaidi ya nusu walipata sifuri, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Hata yalivyopangwa upya mimi nilibaki na sifuri yangu.

Shule ya msingi nilikuwa wa tatu darasani jamani. Watu huwa hawaamini, nina baiskeli za watu hapa natengeneza mteja anaona ni fundi tu. Alichosema ticha wa Mkinga ndo mimi. Fomu wani nilijifunza kitu kimoja, kunyamaza. Ukinyosha mkono lazima uongee kiingereza, ukikosea darasa zima linacheka, sasa nyosha wa nini. Nikawa fundi wa kunakili. Madaftari yangu yalikuwa masafi, mwandiko mzuri, mwalimu anapita anaweka vema, na ndani yake sikuwa naelewa hata mstari mmoja. Miaka minne naamka saa kumi na moja, natembea na kwenda kunakili. Ile sifuri watu walishangaa, mimi sikushangaa, niliijua toka fomu wani mwezi wa tatu.

Mama endelea tafadhali.

#6 Mleta uzi

Mdogo wangu fundi, nimesoma maneno yako nikashindwa kushona. Na ticha, huyo kijana wako wa nyuma mimi ninae hapa mtaani, ninao wengi.

Naendelea. Baada ya kuona yale ya giza na bamvua nikajiuliza, haya, na siku ambazo si giza wala bamvua, mbona wanapungua kuanzia katikati ya wiki? Jumatatu wapo, Jumanne wapo, Jumatano wanaanza kukatika. Hilo nililijua kwa miguu. Nikaondoka alfajiri nikaenda kitongoji cha mwisho kabisa, kule mwisho wa minazi, nikasema leo natembea na hawa watoto. Nilimfuata binti mmoja wa fomu tuu, nimemshonea mimi ile sketi. Kwao aliamka akanywa chai ya rangi, kavu, akabeba viatu mkononi kwa ajili ya umande, tukaondoka saa kumi na moja na nusu. Tulitembea zaidi ya saa moja na nusu. Daladala mbili zilitupita barabarani, konda akiona sare anageuza uso. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akaniona mimi nipo nyuma, akaongeza. Binti akaniambia, "yule kila siku anatuambia tupande bure." Hakuna bure pale, tunajua wote.

Tumefika saa moja na dakika ishirini. Kipindi cha kwanza yupo macho. Saa nne wenye hela wamenunua mihogo ya kukaanga getini, yeye kakaa chini ya mkungu (wale waliosoma pale wanaujua) anasoma, akaniambia akisoma njaa inapungua. Saa saba nimepita dirishani amelaza kichwa kwenye dawati. Na bado kuna kutoka saa nane na nusu na kurudi kwa mguu ule ule. Mimi mtu mzima Alhamisi yake sikuweza kuamka. Sasa mtoto ana siku tano za hivyo kila wiki, na tumbo lina chai ya rangi.

Nikarudi kwenye bodi nikasema chakula. Hapo ndo vita ilianza.

#7 Mzazi mwenzenu, Muheza

Hapo mama tutakosana kidogo. Elimu ni bila malipo toka Januari 2016, waraka upo, rais wa wakati ule alisema mchango marufuku. Leo tena walimu waje na debe la mahindi, kesho debe la maharage, kesho kutwa hela ya mlinzi, kesho kutwa ya mitihani. Maskini ndo anaumia. Huku kwetu mtoto alirudishwa kwa ajili ya mchango, mimi niliumia sana.

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Muheza uko sahihi kabisa kwenye kurudishwa, mtoto kurudishwa nyumbani kwa mchango ni kosa na mimi nikiwepo haitatokea. Ila nisikilize na hili.

Zamani ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka na michango juu, imefutwa, na nashukuru kwa moyo wote maana wa pili kwangu angekosa. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ni 25,000 kwa mwaka. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Gawanya mwenyewe, haifiki shilingi 130 kwa siku kwa mtoto, na kwenye hiyo 130 kuna vitabu, chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, madawa ya maabara. Andazi moja tu unaongeza hela. Hiyo hela haikuwekwa kwa ajili ya chakula, chakula kimeachwa kwa sisi wazazi, na sisi tulisikia "bure" tukaenda kulala. Mimi nikiwemo, miaka kadhaa nilikuwa najibu hivyo hivyo kama wewe.

Kikao kilikuwa kikali. Mzee mmoja alisimama akasema "mwanangu akale kwako basi." Mwingine akasema hela italiwa. Hoja ya hela kuliwa niliona ina ukweli, watu wameshaumizwa huko nyuma. Mwaka 2014 ile ya maabara, kila shule ya kata ijengewe maabara tatu, tulichanga kweli kweli, boma lilikaa miaka linaota majani na mpaka leo chumba cha kemia kina meza na vumbi. Kwahiyo tukakubaliana hivi, hela hapana, chakula chenyewe. Sado ya mahindi na nusu sado ya maharage kwa muhula, nazi mwenye mnazi alete, asiye nacho kabisa alete kuni au aje kupika siku moja. Stoo funguo mbili, moja kwa mwalimu, moja kwa mama wa kamati, na ubao nje ya stoo unaandikwa kila siku kimetoka kiasi gani. Na mtoto ambaye kwao hawajaleta ANAKULA. Hili lilitugharimu saa nzima ya kubishana mpaka bibi mmoja akasimama na bakora yake akasema, "Tunapika sufuria moja, sasa mtamnyima nani mkimtazama usoni?" Wakanyamaza.

Makande tu. Jumatatu mpaka Ijumaa saa sita na nusu. Hatuna chochote cha ajabu, na kuna wiki mbili maharage yaliisha wakala mahindi na nazi. Ila rejista ya muhula ule nikaenda kuitazama tena, ule wekundu wa Jumatano na Alhamisi umepungua mpaka unaona kwa macho, huhitaji kuhesabu. Yule binti wa kitongoji cha mwisho alikosa siku mbili muhula mzima.

Giza na bamvua bado vipo pale pale. Makande hayajashinda hela ya unga, na sikutegemea.

#9 Mama wa Pangani

Shoga angu nakuombea. Hilo la bodaboda ulilipitia haraka mimi naomba nilisimamie. Sheria ni kali, toka 2016 ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Lakini kesi zinafia sebuleni, familia mbili zinakaa, kinatajwa kiasi, binti anaambiwa kaa kimya. Mdogo wangu yalimkuta. Wakati ule alikuwa ameshafukuzwa, imeisha hiyo. Ikaja ile Novemba 2021 serikali ikaruhusu waliojifungua warudi darasani, mimi ndo nilimshika mkono nikampeleka, mtoto nikabaki nae mimi. Wiki ya kwanza wenzie walikuwa wanamwita mama fulani, alitaka kuacha. Mwalimu wa kike mmoja, Mungu ampe umri, akamkalisha dawati la mbele na kila asubuhi anamuuliza mtoto kaamkaje, kwa sauti ya kawaida tu, mbele ya wote. Baada ya hapo wakazoea. Kamaliza fomu foo kapata divisheni tatu. Huyo mwalimu mmoja ndo shule yenyewe kwangu mimi.

#10 Mzaliwa wa Ngamiani

Nimerudi. Dada nilisema tusijifichie kwenye mwezi, nalifuta neno langu. Sikuwa najua. Nina swali, majengo vipi? Maana nimeona picha za madarasa mapya yanang'aa huko.

#11 Mleta uzi

Hakuna cha kufuta kaka, umenifanya nieleze vizuri zaidi.

Majengo siwezi kusema uongo, tumepata. Yale madarasa ya hela za UVIKO ya 2021, milioni 20 kila darasa, tulipata na viti na meza zake. Wanakaa vizuri. Wakati wa mwanangu wa kwanza walikaa watatu watatu na wengine juu ya tofali. Darasa linapendeza, tunachotafuta sasa ni mtoto wa kukaa humo wiki ya giza, na wa hesabu wa kumfundisha.

Kuhusu giza sasa, hapa ndo nataka mawazo zaidi. Tulikwenda mimi, mwalimu wa taaluma na mjumbe mmoja kuongea na watu wa vyombo. Sikwenda na polisi wala mtendaji, nilikwenda kama mtoto wa mvuvi. Nahodha mmoja mtu mzima alinijibu kwa upole tu, "Mwanangu, nikimkataa huyu leo kesho namuona chombo cha mwenzangu. Na kwao nimpelekee nani unga?" Sikuwa na jibu. Baba wa yule kijana anayezungumziwa alishapotea baharini, mama yake ana kifua. Tulichokubaliana ni kidogo, fomu wani asiguse ndoo siku ya shule, akitaka aje usiku wa Ijumaa na Jumamosi, wakubwa wake tutaangalia. Kamati ya BMU, ile ya wavuvi inayosimamia ufukwe, ikaandika. Manahodha wengine wanashika, wengine hawashiki.

Kingine ni cha walimu na hiki ndo kimenipa moyo. Mwalimu wa taaluma kasema yeye kalenda ya mihula haiwezi kuibadilisha, inatoka juu, ila mpangilio wa mada ndani ya mwezi ni wake. Kwahiyo kwenye somo lake ameanza, mada mpya anafungua mbalamwezi, rejista ikiwa imejaa. Giza likiingia anafanya marudio na mazoezi, majaribio hayawekwi kabisa siku hizo. Mtoto akirudi hajakuta wenzie wamefika ng'ambo. Na jioni za mbalamwezi anakaa saa moja na fomu wani, kiingereza tu, wanaongea, wanakosea, hakuna kucheka. Kamuiga mwenzie mmoja tu mpaka sasa. Wengine wanasema ni ushirikina wa pwani, kufundisha kwa kufuata mwezi.

#12 Ticha wa hesabu, Mkinga

Mama mimi naanza mwezi huu. Nishaichora, nimeandika tarehe za kiislamu kwenye azimio langu la kazi kwa penseli pembeni. Mkaguzi akija nitamweleza, akikataa nitafuta penseli. Na MZINGO nitaandika kwanza, circumference chini yake, kila neno. Muda unaongezeka, najua, ila bora nimalize mada tano wakaelewa.

#13 Fundi baiskeli

Mama mimi nipo mjini Makorora. Baiskeli za mtumba mbovu ninazo nne nyuma ya banda, wenyewe hawajaja kuzichukua zaidi ya miaka miwili. Spea mbili tatu nitatoa kwangu. Nikizifufua, za wale watoto wa kitongoji cha mwisho, wasichana kwanza. Nielekeze nizilete wapi.

#14 Mleta uzi

Mdogo wangu sijui nikwambie nini. Zilete kwangu, nitakuandikia pembeni nilipo, nitazikabidhi kwa mkuu wa shule kwa maandishi ziwe za shule, mtoto anaazima kwa muhula na akimaliza anaacha. Ukija utakula kwangu.

Ticha, nitumie hiyo penseli yako kwa picha tafadhali, nimuonyeshe wa kwetu.

Naongeza jambo moja ambalo linaninyima usingizi na sijaona likizungumzwa huku kwenye kata. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na la kwanza na la tatu. Walioanza la tatu mwaka ule wanamaliza msingi darasa la sita, 2027. Waliokuwa la nne wanamaliza la saba, 2027 hiyo hiyo. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia fomu wani kwa pamoja, na elimu ya lazima inakuwa miaka 10, wote waende. Kwangu mimi siyo habari ya redio. Kitinda mimba wangu yupo kwenye kundi la kwanza, mtoto wa dada yangu ninayemlea yupo la pili. Wamepishana mwaka, watavaa sare mpya siku moja, nitazishona mimi.

Nikikaa pale kwenye cherehani napiga hesabu. Fomu wani yetu ikiwa mara mbili, sufuria la makande ni lile lile moja. Ticha wa hesabu ni yule yule mmoja. Choo. Stoo. Kwenye kikao cha bodi nimeomba iwe ajenda toka mwaka huu, sufuria la pili na banda la jiko, tusije tukaitana 2028 mwezi wa pili tukaanza kulaumu watoto. Wamesema tutaijadili muhula ujao. Nimeomba iandikwe kwenye muhtasari, imeandikwa, nimesaini.

Nawashukuru sana wote. Giza la mwezi huu linaanza Alhamisi. Kwenye rejista ya fomu wani wavulana wapo thelathini na wanane, majina yao nimeyaandika kwenye daftari la vipimo, na Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa ufukweni na mwalimu wa taaluma kuona ni wangapi wapo kwenye ndoo. Nitarudi hapa Ijumaa.